Asili ya Tungo za Ngoma katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Kiswahili hakisemi kwamba mtu huumba wimbo. Husema kwamba huutunga. Kitenzi hiki ni cha kale, nacho kina kazi nyingi kuliko zile azikumbukazo mwalimu wa ushairi. Bibi hutunga shanga katika uzi. Mvuvi hutunga samaki katika ukindu. Mimba hutunga tumboni. Jipu hutunga usaha. Na malenga hutunga wimbo. Tukizitazama kwa makini, twaona kwamba maana hizi zagawanyika pande mbili. Katika shanga na samaki, vitu vipo tayari nje ya mtungaji, na kazi yake ni kuvikusanya na kuvipanga safu. Katika mimba na jipu, kitu hujikusanya chenyewe ndani, polepole, na mwenye mwili hana amri juu yake mpaka wakati wake ufike. Wenye elimu wa siku hizi hupenda kutumia neno ilhamu, ambalo asili yake ni Kiarabu, nalo laelekea upande mmoja tu: jambo hutiwa moyoni kutoka juu. Kwa maoni yangu neno letu la kale lapita hilo kwa upana, na swali la makala haya ni maana ipi katika hizo mbili imfaayo mtu ambaye ngoma kwake ni kazi, wala si burudani ya jioni.

Nchi niliyoichagua kwa uchunguzi huu ni ile iliyo nyuma ya Lindi, kati ya mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na mto Lukuledi upande wa kusini, ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, na pamoja nao wamekaa Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Kwa wasomi wa lugha nchi hii si ngeni kabisa: Lyndon Harries, ambaye jina lake latajwa zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ushairi wa Kiswahili, alikuwa padre wa misheni katika dayosisi ya Masasi kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu, naye alichapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Lakini kwa wachunguzi wa muziki nchi hii hupitwa. Huenda wakasimama Newala kwa ajili ya vinyago vya Wamakonde, kisha wakaenda zao. Nayo ndiyo nchi ambayo katika muda wa miaka 100 hivi imepitiwa na msafara, vita, misheni, reli, shamba kubwa la serikali na jeshi la ukombozi, kila kimoja na sauti zake. Kama twataka kujua mpiga ngoma hupata wapi tungo zake, sijui mahali pafaapo zaidi.

Kwanza yafaa tumjue mtu mwenyewe. Katika vijiji vya huku mpiga ngoma ni mkulima kama jirani zake. Hulima muhogo, mtama na mahindi, na katika miaka hii ana mikorosho na shamba la ufuta. Kinachomtofautisha ni kwamba huitwa. Huitwa kwenye jando na unyago, huitwa kwenye harusi na penye kumaliza matanga, huitwa na wenye vyama vya ngoma, na siku hizi huitwa na wagombea uchaguzi. Aitwaye hulipwa, iwe kwa chakula, kwa nguo au kwa fedha; na alipwaye hudaiwa. Hapo ndipo ilipo tofauti baina yake na mtu aimbaye kwa kujipendeza. Mtu ajipendezaye aweza kungoja mpaka jipu litunge. Mpiga ngoma aliyekwisha pokea kilemba chake hawezi, maana siku ya kutoka wari yajulikana na watu wamekwisha alikwa. Nikiambiwa kwamba ujira huua sanaa, hujiuliza ni nani basi angetunga nyimbo zote hizi kama wenye shughuli wasingedai.

Shule yake ya kwanza ni kumbi. Wavulana huingizwa jandoni wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, chakula kikiwa kingi na njia zikiwa kavu. Na wasichana nao wana unyago wao chini ya makungwi. Mafunzo ya mahali hapo hutolewa kwa nyimbo, na nyimbo hizo ni mafumbo ambayo mwari hupewa kwanza, kisha hufumbuliwa. Mtu aliyepitia kumbini ametoka na hazina ya maneno, mahadhi na mapigo ambayo hakuitafuta, bali alitiwa kwa lazima, na mara nyingine kwa fimbo. Wachunguzi wengi wamesimama hapa wakasema: hiyo ndiyo chemchemi, mpiga ngoma hurudia tu aliyoachiwa na wazee. Jibu hili lina nusu ya haki. Nyimbo za ndani ya kumbi, zile za mafumbo, hazina ruhusa ya kubadilishwa ovyo, na nyakanga ndiye mlinzi wake. Lakini jando lina uwanja wa nje pia, mahali ambapo kijiji kizima na wageni hukusanyika usiku wa kuingia na siku ya kutoka, na huko hadhira yataka jambo jipya. Wimbo wa mwaka jana ukirudiwa bila nyongeza, watu huanza kuzungumza wao kwa wao, na hiyo ndiyo hukumu mbaya kuliko zote. Basi mtu mmoja yule yule ni mtunzaji huko ndani na mtungaji huku nje, naye hutumia mapigo ya ndani kubeba maneno ya nje. Wageni waliosikia mapigo tu wakadhani wimbo ni wa kale. Waliosikia maneno tu wakadhani ni wa juzi.

Haya yalionekana wazi misheni ilipoingia katika jambo hili. Vincent Lucas wa misheni ya Kiingereza, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, alikataa kulifuta jando na badala yake akataka lifanywe la Kikristo, pamoja na sala na mafundisho ya kanisa. Yamesemwa mengi juu ya hekima au upungufu wa shauri hilo, wala si kazi yangu kuyarudia. Mimi nauliza swali la fundi tu: mtu aliyezoea kuongoza nyimbo za kumbi la wazee, alipoambiwa kwamba baadhi ya maneno hayafai tena lakini ngoma yaruhusiwa, alifanya nini? Alitunga. Katazo lilimfungulia kazi ambayo desturi peke yake isingempa. Upande wa Wakatoliki mambo yalichelewa zaidi, lakini ilipofika mwaka 1963 padre Stephen Mbunga alikwisha chapisha kitabu kizima juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, na katika mwezi wa Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Vatikano ulitoa maagizo yaliyofungua mlango kwa muziki wa wenyeji ndani ya ibada.

Ushahidi wa kale tulio nao wa sauti yenyewe ni wa mwaka 1906. Mwaka huo Mdachi mmoja, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Lindi na mashine mbili ambazo watu wa bara hawakuwa wamezizoea: moja ya kunasa sauti katika mitungi ya nta, na nyingine ya kupiga picha za sinema. Hakukusudia kuja huku. Alikuwa amepanga kwenda kaskazini, ila huko kulikuwa na machafuko, akageuziwa Kusini. Na Kusini kwenyewe palikuwaje? Vita vya Majimaji vilikuwa vimepita hapo mwaka uliotangulia. Wamwera walikuwa wameingia vitani, misheni ya Nyangao ilikuwa imechomwa moto, na baada ya vita ilikuja njaa. Hayo ndiyo mazingira ya waimbaji wale waliosimamishwa mbele ya pembe ya mashine. Weule alipita njia ya Lindi, Nyangao na Masasi, kisha akapanda nchi ya Wamakonde. Nachingwea ya leo ilikuwa msitu wa upande wa kulia wa njia yake. Nyimbo nyingi alizozinakili ni fupi mno, mstari mmoja au miwili urudiwao na waitikiaji kwa muda mrefu, na mambo yasemwayo ndani yake mara nyingi ni mambo ya siku zile: safari, wakubwa wa serikali, na mgeni mwenyewe aliye mbele yao. Yaani mtungaji alichukua kilichokuwa mbele ya macho yake.

Mbele ya macho, nimesema. Na hapa yafaa nijisahihishe kwa ajili ya mtu mmoja. Miongoni mwa waimbaji aliowaeleza Weule yumo kipofu, jina lake Sulila. Ni jambo la kumshukuru Mdachi yule kwamba aliliandika jina, maana wengi waliokuja baada yake hawakuandika. Kipofu huyu alikuwa mwimbaji kwa kazi. Hakuwa na shamba la kumtosha wala macho ya kulilinda, na kilichokuwa njiani kilimfikia kwa sikio tu: hatua za msafara, lugha za wapagazi, amri za askari. Baadaye nitarudi kwa kipofu mwingine, kwa sababu naona njia ya wawili hawa yatupa jibu lililo karibu zaidi na ukweli.

Misafara ilikuwa imewatangulia Wadachi. Wayao walishuka na pembe za ndovu hadi Kilwa na Lindi tangu zamani, na nchi ya Wamwera ilikuwa njiani. Mpagazi huimba kwa sababu mzigo ni mzito, na wimbo wa mpagazi hauna mwenyewe baada ya siku tatu, kwa kuwa umekwisha pokelewa na watu wa kambi nne. Hata nyimbo za Wanyamwezi ziliimbwa katika vichaka hivi: wapagazi wa Weule mwenyewe walikuwa Wanyamwezi, na nyimbo zao alizozinasa huku Kusini ndizo alizoziandikia makala Erich von Hornbostel huko Berlin mwaka 1909. Msomaji atafakari kidogo jambo hilo. Makala ambayo ulimwengu wa elimu uliisoma kama habari ya muziki wa Unyamwezi ilitokana na sauti za watu waliokuwa ugenini, wamechoka, mbali na kwao mwendo wa miezi, katikati ya Wayao na Wamakua ambao bila shaka walikuwa wakiwasikiliza.

Kisha ikaja vita kuu. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wadachi yalipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, kwa siku 4, katika mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko karibu yote ya Afrika ya Mashariki. Nyuma ya askari walikuwapo wachukuzi kwa maelfu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilivyosambazwa na askari na wachukuzi hao hata ikaenea Tanganyika nzima, pamoja na pande zake mbili zishindanazo, Marini na Arinoti. Ndani ya beni mliimbwa Kiswahili, mlivaliwa mavazi ya kiaskari na mlipewa vyeo. Wakubwa wa serikali waliiogopa kama chama cha siri. Wazee wa dini waliiona upuuzi. Kwa mpiga ngoma wa kijijini beni ilikuwa shule ya pili baada ya kumbi, nayo ilimfunza mambo mawili ambayo kumbi lisingemfunza: kutunga katika lugha ambayo si ya mama yake, na kutunga dhidi ya mtu.

Hilo la pili nalipa uzito mkubwa. Ushindani ni chemchemi ambayo wanaoandika juu ya ilhamu huisahau, labda kwa kuwa haina adabu. Malenga wa upande huu husikia kwamba malenga wa upande ule amemwimba. Hana usingizi mpaka amejibu. Wimbo wa mwenzake ndio umempa mahadhi, umempa hoja, na umempa hata vina; yeye ameongeza makali. Frank Gunderson na Gregory Barz walipohariri kitabu cha makala juu ya muziki wa Afrika ya Mashariki mwaka 2000, neno walilolitanguliza katika jina la kitabu hicho lilikuwa la Kiswahili, mashindano. Na Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Wamakonde wa Msumbiji, aeleza jinsi vikundi vya vinyago vilivyokuwa vikibuni mitindo mipya kwa kushindana, kijiji kwa kijiji. Yule aonaye kinyago cha Kimakonde na kudhani amekiona kitu kisichobadilika tangu enzi za mababu, yaelekea ametazama kazi iliyobuniwa ili kumkasirisha jirani.

Mwaka 1947 Nachingwea iliingia katika magazeti ya dunia. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilikata shauri kulima karanga katika Tanganyika kwa ukubwa usiopata kuonekana, zaidi ya ekari milioni 3, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari mpya ya Mtwara na reli ya kuingia bara hadi Nachingwea. Mashine za vita ziligeuzwa matrekta. Fedha zilizoteketea zilizidi pauni milioni 35, na mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ulivunjwa, karanga zilizopatikana zikiwa chache kiasi cha kuchekesha. Reli nayo haikudumu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hadithi ya karanga imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya upumbavu wa wataalamu, na ndivyo ilivyostahili.

Lakini mahesabu ya pauni hayakuingiza jambo moja. Mahali palipokuwa na watu wachache pakawa mji wenye vibarua wa makabila mengi, wanaolipwa fedha mkononi, wasio na wazee wao karibu. Kama ilivyokuwa katika mashamba ya mkonge ya pwani, ngoma ilifuata mshahara. Mtu wa Ruangwa aliyekwenda kukata visiki alikuta sindimba ya Wamakonde, wengi wao wakiwa wamevuka mto Ruvuma kutafuta kazi, akakuta mganda na beni, na penye nyumba za makarani akakuta gramafoni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, mwaka ule ule karanga zilipokufa. Mpango ulikwisha, wageni wengi wakarudi kwao, na yale waliyoyaimba yakabaki. Hapa ndipo ninapoona maana ya kutunga shanga ikitimia kabisa: uzi ni wa mwenyeji, yaani mapigo aliyotoka nayo kumbini, na shanga zimeletwa na wapita njia.

Aliyetaka uthibitisho zaidi aliupata mnamo mwaka 1965. Mashamba ya karanga yalikuwa na hesabu zake, na lile lililoitwa Farm 17 lilipewa chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita dhidi ya Wareno mwezi wa Septemba mwaka 1964. Kambi ya Nachingwea ikawa mahali pakuu pa mafunzo ya siasa na ya vita, chini ya Samora Machel. Vijana waliofika hapo walitoka pande zote za Msumbiji: Wamakonde na Wamakua wa kaskazini, Wanyanja na Wayao wa Niassa, Wasena, Washangaan wa kusini. Wengi hawakusikilizana kwa lugha. Viongozi waliamua kwamba kila mtu ajifunze nyimbo na ngoma za mwenzake, ili kabila lisiwe ukuta ndani ya jeshi. Amri hiyo ilitolewa kwa sababu za siasa, lakini matunda yake yalikuwa ya muziki: kwaya za kambi ziliimba kwa Kireno, kwa Kimakonde, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na mahadhi ya kwao kusini, yenye sauti nyingi kwa pamoja kama za makanisa ya huko, yakakutana na kuitikiana kwa kaskazini. Mwezi wa Mei mwaka 1975 Machel aliianza kutoka Nachingwea ile safari ndefu ya kuvuka Ruvuma hadi Maputo, na nyimbo za kambini zikasafiri pamoja nayo.

Nyimbo hizo zina fundisho kwa swali letu, nalo ni gumu kidogo. Zilitungwa kwa agizo. Maneno yake yalipimwa. Jina la mtungaji mara nyingi lilifichwa kwa makusudi, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa umma. Je, katika hali hiyo mtungaji alipata wapi roho ya kutunga? Israel, aliyezichunguza, ameonyesha jinsi zilivyojengwa kwa vifungu vilivyokwisha kubalika, vikipangwa upya kila mara. Msikilizaji wa haraka atasema hiyo si sanaa. Mimi nasema mtu wa Ruangwa aliyelelewa kumbini angeitambua kazi hiyo mara moja, maana vifungu vilivyokubalika ndivyo alivyofundishwa naye, na ustadi wake wote ulikuwa katika kuvipanga ili siku ya leo ionekane ndani yake.

Sasa nirudi kwa kipofu wa pili. Mzee Morris Nyunyusa, mwana wa Kusini, alizaliwa mwaka 1918 na kupofuka tangu utotoni. Hapana mtu aliyeishi Tanzania wakati wa Radio Tanzania asiyeijua kazi ya mikono yake, hata kama hakulijua jina: mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ulikuwa wake. Alikuwa akipiga ngoma nyingi kwa pamoja, zaidi ya 10, zikiwa zimepangwa kumzunguka. Watu walimstaajabia kama mwujiza, na gazeti likimtaja halikukosa kutaja upofu wake, kana kwamba ngoma hupigwa kwa macho.

Nafikiri mshangao huo umetuficha jambo. Ngoma ya huku Kusini haipigwi na mtu mmoja. Kuna ngoma ndogo iwekayo mwendo na haibadiliki. Kuna ya kati iijibuyo. Kuna kubwa, ambayo fundi mkuu huzungumza nayo na wachezaji. Kila mpigaji ana sehemu yake, na uzuri wa ngoma ni jinsi sehemu hizo zipishanavyo. Mtoto mwenye macho huwatazama wachezaji. Mtoto kipofu hana cha kutazama, ila kila ngoma yamfikia kutoka mahali pake, huyu kushoto, yule kulia, wa tatu mbali. Alichofanya Mzee Morris, kwa maoni yangu, ni kukikalisha kikundi kizima ndani ya mikono ya mtu mmoja, kila sauti ikiwa mahali pake kama alivyoisikia. Hakuna sehemu hata moja katika hizo aliyoibuni yeye. Kuzitunga katika uzi mmoja ndiko alikobuni, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwonyesha njia. Ukipenda, liite jambo hilo ilhamu. Lakini lilianzia sikioni, katika viwanja vya watu.

Mambo ya dansi ya mjini yalifuata njia hiyo hiyo, nami nitayagusa tu. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuja kujulikana kwa jina la msondo, ambalo ni jina la ngoma, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijiita sikinde, ambalo pia ni jina la ngoma. Magitaa na matarumbeta yalikuwa ya kigeni, na wapigaji walikuwa watu wa mshahara waliodaiwa kitu kipya kila mwisho wa wiki. Walipoulizwa mtindo wao ni upi, walijibu kwa jina walilolikuta uwanjani.

Yabaki jambo linalonisumbua katika habari hii yote, nalo ni la majina. Vita vya Majimaji vilipata utenzi, na mtungaji wake, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ajulikana. Utenzi wake ulichapwa na kamati ya Kiswahili mwaka 1957 kwa kazi ya Whiteley, na hakuna msomi amtajaye bila heshima. Lakini walioziimba habari hizo hizo bara, mwendo wa siku chache tu kutoka Lindi, kwa ngoma na kwa Kimwera, wameandikwa kwa jina la kabila. Katika daftari za makumbusho huandikwa: wimbo wa Wamwera; ngoma ya Wamakonde; wimbo wa jando wa Wayao. Serikali yetu nayo, ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 baada ya Mwalimu Nyerere kulalamika kwamba tulifundishwa kuzionea haya ngoma zetu, ilifanya jambo jema sana, lakini ilirithi daftari lile lile. Sindimba ilipelekwa majukwaani na kikundi cha taifa kama mali ya kabila. Hapana aliyeuliza ni ya nani kati yao, na kwa nini mwaka ule ilikuwa hivi na mwaka mwingine hivi.

Kuna atakayejibu kwamba majina yamekwisha potea, na kwamba kazi ya namna hii haiwezekani tena. Simkubalii moja kwa moja. Ni desturi ya malenga wengi, wa pwani na wa bara, kujitaja ndani ya wimbo. Mtunga tenzi hulitia jina lake na la baba yake katika beti za mwisho. Mwimbaji wa ngoma hulitupa katikati, kabla ya kiitikio, mara nyingine jina lake la ngomani, mara nyingine jina la kijiji chake au la mpinzani wake. Wanaonakili nyimbo wamezoea kuyaruka maneno hayo, au kuyaandika kama sauti zisizo na maana. Mitungi ya nta ya Weule ingalipo. Imo katika hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900 na kuingizwa na UNESCO mwaka 1999 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Anahitajika msikilizaji ajuaye Kiyao, Kimakua na Kimwera, aliyepitia kumbini, mwenye subira ya kusikia katikati ya mikwaruzo ya nta, na ambaye, neno lisilo na maana likipita, hataliruka, bali atauliza kama hilo si jina la mtu.